Kutambua Misuko ya Mota ya Umeme Kabla ya Kuwasha: Ushauri kwa Mafundi na Wenye Mashine wa Uvira

Mota ya umeme inapofika mikononi mwa fundi wa Uvira, iwe imetoka kwenye mashine ya kusaga mihogo na mahindi mtaani Kilibula, kwenye pampu ya kisima huko Kavimvira au kwenye friji ya duka lililo karibu na bandari ya Kalundu, mara nyingi huwa imekwisha kupita katika mikono kadhaa, bamba lake la maelezo limefutika au limeng'olewa, na nyaya zinazotoka ndani yake hazina alama yoyote inayosomeka. Hapo njia huwa mbili tu: kubahatisha muunganisho na kuwasha umeme ili kuona kitakachotokea, au kutambua kwanza kila waya ni ya msuko upi, msuko huo una kazi gani, na mwanzo wake ni upande upi. Makala haya yanafuata njia ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza ndiyo inayounguza mota iliyokuwa nzima, na kwa kuwa vifaa vingi vinavyohitajika ni vile ambavyo karakana ndogo inaweza kuwa navyo: multimita, betri ya pikipiki, taa ya mbele ya gari, kalamu na karatasi.

Msuko, ambao mafundi wa Uvira huuita bobinaji, ni jumla ya koili za waya wa shaba uliopakwa enameli ambazo zimeunganishwa pamoja ili zifanye kazi moja ndani ya mota. Koili ni mizunguko ya waya iliyolazwa ndani ya mifuo, yaani nafasi ndefu zilizochongwa kwenye chuma cha stata, nayo stata ni sehemu ya mota isiyozunguka. Mota ya fezi tatu yenye rota, yaani sehemu inayozunguka, ya kizimba, ambayo Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliiunda mwaka 1889 na ambayo haijabadilika sana tangu wakati huo, ina misuko mitatu inayofanana kabisa na kupishana kwa digrii 120. Mota ya fezi moja, kwa upande wake, ina misuko miwili isiyofanana: msuko mkuu, unaobeba kazi muda wote, na msuko wa kuanzishia, ambao huupa usumaku mwelekeo wa kuzunguka, kwa sababu msuko mmoja peke yake hutoa usumaku unaopanda na kushuka pale pale bila kuzunguka. Kufanana kwa misuko katika aina ya kwanza na kutofanana kwake katika aina ya pili ndiko msingi wa vipimo karibu vyote vitakavyoelezwa hapa.

Kabla ya kuigusa mota ni lazima kuujua umeme utakaoiendesha. Umeme wa Uvira hutoka mto Ruzizi, ambako kituo cha kwanza kilijengwa Mururu mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha pili, kinachomilikiwa kwa ubia na Congo, Rwanda na Burundi, kilikamilika mwaka 1989. Nayo SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, huusambaza kwa volti 220 kati ya fezi na nyutro na volti 380 kati ya fezi na fezi, kwa herzi 50. Hizo ni namba za karatasini, kwani kwenye mwisho wa laini ndefu, saa za jioni ambapo kila nyumba imewasha taa na pasi, volteji inaweza kushuka mno, na mota inayolazimishwa kubeba mzigo uleule kwa volteji ndogo huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto. Fundi aliyepima volteji ya mteja wake saa nne asubuhi tu bado hajaujua umeme wa mteja huyo.

Kama bamba la mota bado lipo, maandishi yake yenye thamani kuliko yote ni zile volteji mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili ni volteji ambayo msuko mmoja umesukwa kuibeba, na namba kubwa ni volteji ya laini inayofaa misuko mitatu ikiunganishwa kwa nyota, yaani miisho yote mitatu ikikutanishwa mahali pamoja. Muunganisho wa pembetatu ni ule ambao mwisho wa kila msuko hufungwa kwenye mwanzo wa msuko mwingine hadi mzunguko ufunge, na humo kila msuko hupokea volteji yote ya laini. Kwa hiyo mota iliyoandikwa 220/380 huunganishwa kwa nyota mjini Uvira, na iliyoandikwa 380/660 huunganishwa kwa pembetatu. Mota ndogo kwa kawaida huwa za aina ya kwanza, na zile za kilowati 4 kwenda juu mara nyingi huwa za aina ya pili, ingawa hiyo si kanuni ya kuaminiwa bila kusoma bamba.

Makosa ya pande hizi mbili hayafanani kwa sura, na inafaa kuyajua yote mawili. Mota ya 220/380 ikifungwa pembetatu kwenye laini ya volti 380, kila msuko hupata volteji ya mara 1.73 ya ile uliyosukiwa, chuma cha stata hushiba usumaku, mkondo hupanda kupita kiasi na enameli huungua kwa dakika chache; kosa hili hujitangaza lenyewe kwa moshi. Mota ya 380/660 ikifungwa nyota kwenye laini hiyohiyo, kila msuko hupata volti 220 tu na nguvu ya kuzungusha hubaki theluthi moja, hivyo mota huzunguka vizuri bila mzigo, kisha huzimika au kunguruma pindi mihogo inapoingizwa, na mwenye mashine huambiwa kwamba mota imechoka na inahitaji kusukwa upya. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi kwa mfuko wa mteja, kwa kuwa hulipia kazi ya kusuka wakati ambapo tatizo lote lingemalizwa kwa kuhamisha vibati vitatu vya shaba.

Vibati hivyo hukaa ndani ya kisanduku cha maunganisho, ambamo vichwa sita vimepangwa safu mbili. Katika mota za kisasa safu ya chini husomeka U1, V1, W1, nayo ndiyo mianzo, na safu ya juu husomeka W2, U2, V2, nayo ndiyo miisho. Katika mota za zamani za Ulaya mianzo ni U, V, W na miisho ni X, Y, Z. Safu ya juu imesogezwa hatua moja kwa makusudi, ili vibati vitatu vikisimama wima vifunge pembetatu, na vikilazwa kwenye safu ya juu peke yake vifunge nyota. Fundi anayepanga upya nyaya za kisanduku kilichoungua, kisha akaziweka U1 chini ya U2, V1 chini ya V2 na W1 chini ya W2 kwa kuona kwamba mpangilio huo unapendeza, anamtegea mtego fundi atakayemfuata, kwa sababu vibati vya wima vitaufupisha kila msuko juu ya ncha zake mwenyewe.

Pale ambapo bamba halipo na alama zimepotea, kazi huanza kwa kuhesabu nyaya na kutafuta zipi zinawasiliana. Nyaya sita zinazogawanyika katika jozi tatu, kila jozi ikiwa na ukinzani ulio sawa na wa wenzake, ni mota ya fezi tatu ya kawaida. Nyaya sita ambazo zote zinawasiliana huwadanganya wengi: huenda misuko imegusana kwa kuungua, lakini vilevile huenda mota ikawa ya mwendo aina mbili ya mfumo wa Dahlander, ambao nyaya zake tatu hutoka kwenye pembe za misuko na tatu hutoka katikati yake. Vipimo vyake vikijirudia kwa mpangilio na nyaya zisipowasiliana na mwili wa mota, mota hiyo ni nzima na haifai kuunganishwa kama ile ya kawaida.

Nyaya tatu tu humaanisha kwamba nyota au pembetatu imefungwa ndani, na hapo multimita haiwezi kusema ni ipi kati ya hizo mbili, kwa kuwa vipimo vitatu huwa sawa katika hali zote mbili. Ni lazima kifuniko kifunguliwe na vichwa vya koili vichunguzwe: katika nyota hupatikana fundo moja, lililofichwa chini ya utepe, ambapo miisho mitatu imekutana, ilhali katika pembetatu kila waya inayotoka nje imeungwa kwenye ncha za misuko miwili.

Nyaya tisa huonekana kwenye mashine za mitumba zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani, zikiwa na jozi tatu na kundi moja la nyaya tatu kama ni nyota, au makundi matatu ya nyaya tatu kama ni pembetatu. Mota hizo zimeandikwa volti 230/460 kwa herzi 60, na wengi huzikataa bila sababu ya msingi. Kwa hesabu ya usumaku, volti 460 kwa herzi 60 ni sawa na volti 383 kwa herzi 50, hivyo muunganisho wake wa volteji kubwa hufaa laini ya volti 380, mradi mwenye nayo akubali kwamba mwendo na nguvu vitashuka hadi sehemu tano za sita na abadilishe puli ipasavyo.

Kipimo cha ukinzani kina udhaifu ambao hauna budi kutajwa. Misuko ya mota ya kilowati 7.5, ambayo ni ile ya farasi 10 inayofaa mashine ya kusaga ya kiasi, inaweza kuwa na ukinzani wa omu moja au chini ya hapo, na waya za multimita zenyewe huongeza sehemu ya kumi ya omu au zaidi, kiasi kwamba tofauti kati ya msuko mzima na ule uliofupishwa humezwa. Dawa yake ni rahisi. Misuko yote mitatu huungwa mfululizo pamoja na taa ya mbele ya gari na betri ya volti 12, ili mkondo uleule upite katika yote, kisha volteji hupimwa juu ya kila msuko kwa zamu. Kwa kuwa mkondo ni mmoja, msuko wenye volteji ndogo kuliko wenzake ndio wenye ukinzani mdogo, na tofauti inayozidi asilimia chache ni dalili ya mizunguko iliyogusana ndani. Taa hapo ina kazi ya kuzuia mkondo usizidi, na waya usiachwe umeungwa kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji.

Baada ya jozi tatu kupatikana hubaki swali ambalo hurukwa zaidi kuliko mengine yote, nalo ni kujua ncha ipi ya kila jozi ni mwanzo na ipi ni mwisho. Msuko mmoja ukigeuzwa, mota hunguruma, hutetemeka, huvuta mikondo isiyolingana na kupata joto hata bila mzigo. Njia ya betri hutosha. Jozi ya kwanza hupewa majina kwa hiari, U1 na U2, kisha multimita ya mshale, ikiwa kwenye kipimo cha volteji ndogo ya mkondo mnyoofu, hufungwa kwenye jozi ya pili. Ncha hasi ya betri huwekwa kwenye U2, na ncha chanya huguswa kwa ghafla kwenye U1. Mshale ukiruka kwenda kulia wakati wa kugusa, waya iliyo kwenye ncha chanya ya multimita ni mwisho, yaani V2, na ile iliyo kwenye ncha hasi ni V1. Ukiruka kushoto, ni kinyume chake. Jozi ya tatu hupimwa vivyo hivyo. Mruko wa wakati wa kuachia betri huwa wa upande mwingine na haufai kusomwa, na vidole visishike nyaya zilizo wazi wakati huo, kwa kuwa usumaku unapokatika ghafla msuko hutoa volteji kubwa inayoweza kumshtua mtu.

Asiye na multimita ya mshale anaweza kutumia transfoma ndogo ya volti 24. Misuko miwili huungwa mfululizo, ncha zake mbili zilizobaki hupewa volteji hiyo, na volteji ya msuko wa tatu hupimwa: ikionekana wazi, basi pale misuko miwili ilipoungwa mwisho wa mmoja umekutana na mwanzo wa mwingine; ikiwa karibu na sifuri, zimekutana ncha za aina moja.

Katika mota ya fezi moja utambuzi huegemea tofauti. Msuko mkuu una waya mnene na ukinzani mdogo, ule wa kuanzishia kwa kawaida una waya mwembamba na ukinzani mkubwa zaidi. Kompresa ya friji yenye vichwa vitatu hupimwa kwa jozi zote. Tuseme vipimo ni omu 12, 30 na 42. Jozi iliyotoa 42 ni misuko yote miwili ikiwa mfululizo, kwa hiyo kichwa kilichobaki nje ya jozi hiyo ndicho cha pamoja. Kutoka hapo, upande wa omu 12 ni msuko mkuu na upande wa omu 30 ni wa kuanzishia. Jumla isipotimia, kuna kasoro. Mota za mashine za kufulia zinazogeuza mwelekeo huwa na misuko miwili iliyo sawa kwa makusudi, na hizo zisidhaniwe kuwa mbovu. Kapasita, ambayo wengi huiita kondansateri, iondolewe chaji kupitia taa kabla ya kipimo chochote, kwa kuwa huhifadhi umeme hata mashine ikiwa imechomolewa.

Kutambua misuko hakukamiliki bila kupima uhami, yaani uwezo wa enameli na karatasi za mifuo kuuzuia umeme usifike kwenye mwili wa mota. Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye ufuko huu, ambako mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yaliingia majumbani, na maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda tena katika miaka iliyofuata. Mota iliyozama isijaribiwe kwa kuwashwa. Ifunguliwe, matope yaondolewe kwa maji safi, beringi zibadilishwe, kisha ikaushwe polepole kwa joto lisilozidi digrii 90, kwa taa zenye joto ndani ya sanduku lililofunikwa au kwa jua la kiangazi kwa siku kadhaa, ikipimwa mara kwa mara kwa mega, yaani kipimo cha uhami, ya volti 500 hadi kipimo kiache kupanda. Multimita ya kawaida haifai kazi hii kwa sababu hutumia volti chache tu, na msuko wenye unyevu unaweza kuonekana mzima mbele yake. Kipimo kilicho chini ya megaomu 1 kinakataza kabisa kuwasha. Megaomu 5 kwenda juu ni kiwango cha kuridhisha kwa mota hizi.

Mota iliyokwisha kuungua nayo ina maelezo yake, mradi isomwe kabla koili hazijakatwa. Koili zote zikiwa nyeusi kwa usawa, sababu ni mzigo uliozidi au volteji iliyoshuka muda mrefu. Doa moja jeusi huonyesha mizunguko iliyogusana. Lakini koili zikiwa zimeungua kwa makundi yanayopishana na mengine yaliyobaki na rangi yake, mota ilifanya kazi huku fezi moja imekatika: katika nyota huungua misuko miwili na mmoja hubaki mzima, kwa sababu mkondo ulipita katika miwili tu; katika pembetatu huungua mmoja na miwili hubaki, kwa sababu ule mmoja ulibeba mkondo maradufu ya wenzake. Kusuka upya mota ya namna hiyo na kuirudisha kwenye fyuzi ileile iliyolegea ni kuipeleka kuungua mara ya pili, na kinga ya kupotea kwa fezi hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na shaba.

Iwapo kusuka hakukwepeki, yapasa kuandika kabla ya kukata: idadi ya mifuo, hatua ya koili, yaani mifuo mingapi inarukwa kutoka upande mmoja wa koili hadi wa pili, idadi ya mizunguko, idadi ya nyaya zinazokwenda sambamba, kipenyo cha waya kilichopimwa kwa maikromita baada ya enameli kuondolewa, na jinsi makundi yalivyoungwa. Mota yenye mifuo 36 na ncha nne za usumaku ina mifuo tisa kwa kila ncha na, ndani ya ncha hiyo, mitatu kwa kila fezi, na hesabu hiyo husaidia kugundua pale ambapo fundi wa awali alikosea. Mwendo ulioandikwa kwenye bamba huthibitisha idadi ya ncha: 2880 au karibu yake ni ncha mbili, 1440 ni nne, 960 ni sita. Kipenyo hakichezewi, kwa kuwa eneo la waya hufuata mraba wa kipenyo, yaani kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Waya wa milimita 0.70 ukiwekwa mahali pa 0.80 hupunguza shaba kwa karibu robo. Waya wa 1.00 usipopatikana sokoni, nyaya mbili za 0.71 zilizokwenda sambamba hutoa eneo lilelile. Waya ukikwaruzwa na kutoa rangi ya fedha ndani, huo ni alumini, hata kama nje una rangi ya shaba, nao haufai kuuzwa kwa mteja kwa bei ya shaba.

Uzito wa kazi hii unapita karakana. Utafiti uliofanywa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku ambazo maji ya bomba yalikosekana zilifuatiwa na ongezeko la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu, na mtambo wa maji wa mji hutegemea mota za pampu zinazotegemea umeme. Kwa hiyo wenye pampu, mashine za kusaga na friji, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, wanaombwa wasipokee mota kutoka kwa fundi bila karatasi yenye mambo manne: ukinzani wa kila msuko, kipimo cha mega, aina ya muunganisho uliofungwa, na mkondo wa kila fezi mota ikiwa na mzigo, nao mafundi waandike alama U1 hadi W2 kwa rangi isiyofutika kwenye kila waya wanayoitoa nje, kwa kuwa kazi hiyo haichukui hata robo saa.